Waliomba siku moja, mmoja kaitwa na mwingine bado: orodha ya Section 8 inaendaje hasa?

#1 Mlandege (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Hili linarudi kila kikao cha jumuiya zetu huku Marekani na majibu hayalingani. Chukulieni familia mbili, zote za wakimbizi kutoka kambi moja, kila moja watu sita, zimejaza ombi la Section 8, ule msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba kwa vocha, siku ile ile kwenye mamlaka ya nyumba ya mji mmoja. Moja inaitwa mwaka wa pili. Nyingine mwaka wa tano huu hata barua haijaiona. Wako wanaosema ni kujuana, wako wanaosema aliyejaza kwa Kiingereza kizuri ndiye anayetangulia. Mimi nashikilia kwamba ni bahati nasibu tupu. Mnaojua taratibu za ndani, nisahihisheni.

#2 Karani wa Zamani
Bahati nasibu ipo, ila si kila mahali, na hata palipo na kura haifanyi kazi yote. Serikali kuu, kupitia wizara yake ya nyumba, HUD, inatoa fedha na kanuni za jumla. Nani atangulie, hilo kila mamlaka ya nyumba inaliandika yenyewe kwenye hati inayoitwa Administrative Plan. Hati hiyo ni ya wazi, iko kwenye tovuti ya ofisi au unaiomba dirishani. Humo utakuta kama wanapanga watu kwa tarehe na saa ya ombi au kwa kura.

Miji mikubwa hupiga kura kwa sababu ya wingi wa watu. New York ilifungua orodha ya vocha Juni 2024, mara ya kwanza baada ya karibu miaka 15, kwa wiki moja tu. Maombi yalipita 630,000, na kura ikachagua 200,000 waingie kwenye orodha. Los Angeles Oktoba 2022 ilichukua 30,000. Ona hapo: kura inakuingiza kwenye orodha, vocha yenyewe bado iko mbali.

#3 BintiUvira
Karani kasema kweli, ila kuna kitu kinachopita kura na tarehe: vipaumbele. Mamlaka nyingi huwapa nafasi ya mbele wasio na makazi, wenye ulemavu, wazee, wastaafu wa jeshi, waliokimbia ukatili wa nyumbani, wanaofanya kazi, na wakaazi wa eneo lao. Kwenye fomu ni kijisanduku kimoja tu cha kutia alama. Watu wetu wanakiruka kwa sababu hakijaelezwa. Familia mbili za Mlandege zinaweza kuwa na tarehe moja, lakini moja ilitia alama na nyingine iliacha wazi. Hapo zimeachana miaka mitatu au zaidi.

Na wakaazi si wanaolala pale tu. Anayefanya kazi ndani ya eneo, au aliyekwisha kuajiriwa huko hata kama hajaanza, anahesabiwa mkaazi kwa kipaumbele hicho. Unaishi kitongoji kingine lakini kiwanda kiko mjini? Weka alama, ambatisha barua ya mwajiri. Na hawaruhusiwi kukudai uwe umekaa hapo muda fulani kwanza.

#4 Shem wa Dallas
Mlandege, "bahati nasibu tupu" imeishi posti mbili tu 😄

#5 FundiHesabu
Mimi nadhani jibu liko kwenye kipato, si kipaumbele. Kanuni inasema angalau asilimia 75 ya familia mpya zinazoingia kwenye vocha kila mwaka wa fedha ziwe za kipato cha chini kabisa: asilimia 30 ya kipato cha kati cha eneo, au kiwango cha umaskini cha serikali kuu, kile kilicho kikubwa. Kwa watu sita mwaka 2025 kiwango cha umaskini kilikuwa dola 43,150.

Sasa weka familia ya kwanza: baba peke yake, dola 17 kwa saa, saa 40. Ni 35,360 kwa mwaka, yumo. Ya pili: baba saa 40, mama saa 20, ujira huo huo. Jumla 53,040. Hawa wanaweza kuwa bado chini ya asilimia 50 ya kipato hicho cha kati, maana yake wanastahili kuomba, lakini hawamo kwenye zile 75. Ofisi ikiona hesabu yake ya mwaka inayumba, inaruhusiwa kuwaruka na kumchukua aliye nyuma yao. Wala hawatakuandikia kwamba wamekuruka.

#6 Mwana Kisauni
Hapo sikubaliani, au tuseme si hilo peke yake. Hii ni ukubwa wa familia. Vocha ya vyumba vinne inakula fedha za vocha mbili za chumba kimoja. Ofisi yenye bajeti finyu inaita familia ndogo kwanza ili ihudumie wengi. Watu sita wanabaki wakingoja.

#7 Karani wa Zamani
Mwana Kisauni, kwa vocha hilo limekatazwa waziwazi. Kanuni ya 24 CFR 982.204 inasema kama fedha hazitoshi kwa ukubwa wa familia iliyo juu ya orodha, ofisi hairuhusiwi kuiruka ichukue familia ndogo zaidi. Inangoja fedha zitoshe.

Unachosema ni kweli kwa nyumba za umma, yale majengo ya mamlaka yenyewe. Kule orodha inafuata ukubwa wa nyumba. Vyumba vinne ni vichache na wapangaji wake hawahami. Watu wengi wameomba vyote viwili kwa fomu moja na hawajui kuwa ni orodha mbili tofauti. Kuna na ya tatu: vocha zilizofungwa kwenye jengo fulani, ambazo mara nyingi zina orodha yake. Mtu anasema "nimeitwa Section 8" kumbe ameitwa kwenye jengo.

#8 Mwana Kisauni
Nimekuelewa, Karani, kwa upande wa vocha. Kwa nyumba za umma sirudi nyuma.

#9 Yaya Furaha
Ndugu zangu, mnatafuta mbali. Sababu kubwa ni barua. Kila baada ya muda ofisi inasafisha orodha: inatuma barua au imeili, "bado unahitaji? jibu kabla ya tarehe fulani". Usipojibu, jina linatoka. Barua ikirudi kwa sababu umehama, jina linatoka. Familia inakaa miaka mitano ikijua inangoja, kumbe ilitolewa mwaka wa pili.

Kwa hiyo: hifadhi namba ya uthibitisho uliyopewa siku ya kuomba, ipige picha. Ukihama, badilisha anwani kwenye kila orodha, moja moja. Kubadilisha posta au shule ya watoto hakubadilishi kule. Ukibadili namba ya simu vivyo hivyo. Imeili iwe yako mwenyewe. Ukiandika ya kijana wa jirani aliyekusaidia kujaza, barua zote zinakwenda kwake. Na ingia kwenye tovuti yao kila baada ya miezi michache uone kama hali bado inasoma kuwa uko kwenye orodha.

Ukigundua umetolewa, omba kwa maandishi urudishwe na ueleze sababu. Kama sababu ni ulemavu wa mtu wa nyumbani, mfano alikuwa amelazwa akashindwa kujibu, kanuni inawalazimu wakurudishe mahali pako pa zamani.

#10 Mlandege
Aksanti Yaya. Hili la barua sikuliwaza kabisa. Je, majina yakitofautiana?

#11 BintiUvira
Majina na tarehe ndiyo shida yetu hasa. Wengi tumeandikiwa tarehe 1 Januari kambini. Ofisi inalinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security kwenye mfumo wa kompyuta wa HUD unaoitwa EIV. Ukiandika tarehe ya kweli aliyokuambia mama wakati kadi zinasema 1/1, mfumo unakataa. Andika kama ilivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Kama I-94, ile karatasi ya kuingilia nchini, inaanza na jina la ukoo na kadi ya Social Security inaanza na la ubatizo, nenda Social Security urekebishe kwanza, usingoje usaili.

Jambo lingine ni mtoto wa ndugu unayemlea. Mwandike kwenye ombi tangu mwanzo na utafute karatasi ya mahakama ya ulezi. Baada ya kupata vocha, kuongeza mtu asiyezaliwa kwako, usiyemwasili wala kukabidhiwa na mahakama, kunahitaji idhini ya ofisi kabla hajaingia. Ukimwingiza kimya kimya, ni kosa la kupoteza vocha.

#12 mama_nyota
Samahanini kuingilia. Ukishaitwa unalipa kiasi gani? Nasikia asilimia 30, lakini majirani wawili wenye mshahara sawa wanalipa tofauti.

#13 FundiHesabu
Dada, asilimia 30 ya kipato kilichorekebishwa, si cha jumla. Tufanye hesabu ya familia ya watu watano, baba analeta dola 2,800 kwa mwezi kabla ya makato, watoto watatu chini ya miaka 18.

Kwa mwaka 33,600. Toa 480 kwa kila mtoto, yaani 1,440. Inabaki 32,160, ambayo kwa mwezi ni 2,680. Asilimia 30 yake ni 804. Huo ndio mchango wenu.

Sasa nyumba. Tuseme kiwango cha malipo cha ofisi kwa vyumba vitatu ni 1,700. Hicho kwa kawaida huwekwa kati ya asilimia 90 na 110 ya kodi ya soko inayotangazwa na HUD kila mwaka wa fedha. Nyumba uliyoipata ni 1,600, na umeme na gesi ni juu yako. Ofisi inakadiria 150. Jumla 1,750. Ofisi inachukua kilicho kidogo, 1,700, inatoa 804, inalipa 896. Mwenye nyumba anakudai 704, na bili zako za umeme na gesi unalipa mwenyewe. Ile 50 iliyozidi kiwango ni yako.

Ndiyo maana majirani wanatofautiana: idadi ya watoto, ada ya kulelewa watoto ili mzazi akafanye kazi, mzee au mlemavu kama mkuu wa kaya, na nyumba iliyozidi kiwango. Unapoanza kupanga, sehemu yako hairuhusiwi kuvuka asilimia 40 ya kipato kilichorekebishwa kama nyumba imezidi kiwango. Hapa 40 ni 1,072, na sehemu yenu ni 854 (704 na ile 150), kwa hiyo mmo ndani.

#14 Karani wa Zamani
Nyongeza kwa FundiHesabu: 480 ni kiwango cha miaka mingi, na sheria ya HOTMA ya 2016 inataka kipandishwe kufuata mfumuko wa bei. Uliza ofisi yako inatumia kipi mwaka huu.

Mshahara wa kijana wa miaka 17 anayefanya kazi dukani jioni hauhesabiwi. Utajeni, msiufiche, lakini hauingii kwenye hesabu. Anayeendesha teksi za simu anahesabiwa kilichobaki baada ya gharama za biashara, kwa hiyo tunzeni risiti za mafuta na matengenezo.

Na fedha mnazotuma Nyarugusu, Kakuma au Bukavu kila mwezi hazipunguzi kitu. Inauma, najua, kwa sababu kwetu huo ni wajibu kama kodi yenyewe. Kanuni haina mahali pa kuziweka.

#15 Shem wa Dallas
Na kiwanja cha nyumbani je? Kuna watu wana nyumba Kigoma.

#16 Karani wa Zamani
Swali zuri, Shem. HOTMA imeweka mpaka wa mali wa dola 100,000, nao unapanda na mfumuko wa bei. Tena inakataza kaya yenye nyumba inayofaa kuishi, ambayo ina haki ya kuishi humo na mamlaka ya kuiuza. Nyumba iliyo mbali kiasi cha kuwa tabu kwa kazi au shule haihesabiwi kuwa inafaa. Kwa hiyo nyumba ya Kigoma haikufungii mlango kwa kigezo hicho, lakini thamani yake ni mali na lazima iandikwe. Jumla ya mali ikiwa 50,000 au chini, ofisi inaweza kukubali tamko lako bila kudai karatasi. Utekelezaji umekuwa wa hatua, ofisi moja imekwisha kuanza na nyingine bado, ndiyo maana mnapata majibu mawili. Kuficha ni hatari kuliko kusema.

#17 Ndugu Mwema
Nani haswa anaruhusiwa? Shemeji yangu ana viza ya mwanafunzi.

#18 BintiUvira
Viza ya mwanafunzi, hapana. Mtalii, hapana. TPS, ile hifadhi ya muda, peke yake, hapana. Aliyeomba hifadhi na bado hajajibiwa, hapana, hata kama ana kibali cha kazi. Mkimbizi, aliyekwisha kupewa hifadhi, na mwenye kadi ya kijani wanastahili, pamoja na waliopata kadi kwa bahati nasibu ya viza. Hakuna kungoja miaka mitano kama kwenye chakula cha SNAP.

Kaya ikichanganyika, kanuni ya sheria ya 1980 ni kugawa msaada. Watu watano, wanne wanastahili: wanapata nne ya tano. Kama ofisi ingelipa 1,000, inalipa 800, nyinyi mnaongeza 200. Asiyestahili hasaini kwamba anastahili. Anaorodheshwa tu kuwa hadai hadhi hiyo.

#19 Ndugu Mwema
Na ile habari ya kwamba ukichukua nyumba ya serikali unanyimwa kadi ya kijani?

#20 Yaya Furaha
Kwa mkimbizi na aliyepewa hifadhi, sheria imewatoa kwenye kigezo hicho. Woga ulienea kwa sababu kanuni ya 2019 ilihesabu Section 8; iliacha kutumika Machi 2021, na ile ya 2022 haihesabu nyumba. Anayeomba kadi kupitia ndoa au ndugu aulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini, maana eneo hili hubadilika na kila serikali.

#21 mama_nyota
Vocha ikishatoka mkononi kinafuata nini?

#22 FundiHesabu
Saa inaanza kuhesabu. Muda wa kwanza ni angalau siku 60. Omba nyongeza kwa maandishi kabla haujaisha, na ambatisha orodha ya nyumba ulizopiga simu, tarehe na jibu. Ukipata nyumba, mwenye nyumba anajaza fomu HUD-52517, mnaipeleka pamoja na rasimu ya mkataba. Ofisi inaangalia kama kodi inalingana na nyumba za jirani, kisha inakagua.

Ukaguzi unakwama kwenye vitu vidogo: kengele ya moshi isiyolia, kengele ya monoksidi ya kaboni kukosekana penye jiko la gesi, dirisha lisilofunga, ngazi bila mkono wa kushikia, rangi inayobanduka kwenye jengo la kabla ya 1978 kama kuna mtoto chini ya miaka sita. Pita mwenyewe kabla ya mkaguzi. Bonyeza kengele, fungua maji ya moto, washa kila plaki ya jiko, jaribu kitasa cha kila dirisha. Mwambie mwenye nyumba arekebishe jana yake, kwa sababu ukaguzi wa pili unaweza kuchukua wiki nyingine na siku zako zinakwenda.

Usihamie kabla ya idhini. Siku ulizolala kabla ya kibali, kodi yote ni yako.

#23 Mwana Kisauni
Na usipange kwa mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu, kaka wala dada wa yeyote aliye kwenye kaya. Imekatazwa, isipokuwa ofisi iridhie kwa sababu ya ulemavu. Mjomba hayumo kwenye orodha hiyo, binamu hayumo.

#24 Shem wa Dallas
Kwetu binamu ni kaka. Afisa akiuliza, msijibu "huyu ni kaka yangu" kwa mazoea, atakufungia faili. Semeni mtoto wa shangazi.

Na huku Texas mwenye nyumba anaweza kukataa vocha bila kuvunja sheria. Jimbo liliizuia miji kulikataza hilo tangu 2015, isipokuwa kwa wastaafu wa jeshi.

#25 Yaya Furaha
Iowa na Kentucky nako majimbo yamefuta sheria za miji za kuwalinda wenye vocha. Massachusetts, New Jersey, Oregon, Washington, na Illinois tangu Januari 2023, kukataa kwa sababu ya vocha ni ubaguzi na unaweza kushtaki. Kabla ya kuchagua mji wa kuhamia, hili liwe kwenye mizani.

Mwenye nyumba akikwambia "nipe mia mbili pembeni kila mwezi, ofisi isijue", kataa. Malipo ya pembeni yamekatazwa, na ukigundulika ni wewe unayepoteza vocha. Omba risiti ya kila unacholipa.

#26 Karani wa Zamani
Na kuomba ni bure. Anayetaka dola 50 akuweke juu ya orodha ni tapeli, hata awe wa kabila lako. Kiingereza kikikushinda, omba mkalimani kwa maandishi na utaje Kiswahili cha wapi, maana mkalimani wa pwani na mama wa Fizi huweza wasielewane kwenye usaili wa kisheria. Omba kokote orodha iko wazi. Hakuna sheria ya kuomba mahali pamoja tu. Massachusetts ina orodha ya pamoja ya Section 8, ombi moja linafika kwenye ofisi nyingi.

#27 Ndugu Mwema
Ukipata vocha mji mwingine, unahamia nayo ulipo?

#28 FundiHesabu
Inahamishika. Lakini kama hukuwa mkaazi wa eneo la ofisi siku uliyoomba, wanaweza kukudai upange kwao miezi 12 ya kwanza. Wengine husamehe, omba. Angalia na ukubwa wa kiwango cha malipo huko uendako; vocha ya mji wa bei nafuu ikienda Boston inahesabiwa kwa viwango vya Boston, na ofisi ya kwanza inaweza kukukatalia kama haina fedha za kufidia tofauti.

#29 Mlandege
Nimesoma zote. Kwa hiyo familia ya pili: kijisanduku, mshahara wa mama, barua iliyorudi, au ni kwamba ile ya kwanza iliitwa kwenye jengo na si kwenye vocha?

#30 BintiUvira
Kijisanduku.

#31 FundiHesabu
Mshahara. Usaili hupima kipato cha siku ya kuitwa, si cha siku ya kuomba, kwa hiyo hata kama walianza sawa hawakubaki sawa.

#32 Yaya Furaha
Barua. Wapeleke Jumatatu wakaulize kama jina lipo bado, wabebe namba ya uthibitisho.

#33 Karani wa Zamani
Kuna moja hamkuigusa. Kuna vocha za kundi maalumu zenye fedha zake: VASH kwa wastaafu wa jeshi, Mainstream kwa mlemavu ambaye hajafika uzeeni, na zile 70,000 za dharura zilizotoka 2021 kwa wasio na makazi, ingawa hizo za dharura hazitolewi upya tangu mwisho wa Septemba 2023. Kama familia ya kwanza ina kijana mwenye ulemavu wa umri wa kazi, ofisi ingeweza kumchomoa kutoka katikati ya orodha ile ile bila kugusa aliye mbele yake. Mlandege, familia ya pili ikienda Jumatatu, iulize pia kama mlemavu wake, ikiwa yupo, kaandikwa kwenye ombi.

#34 Mlandege
Wana bibi wa miaka 58 mwenye mguu mmoja. Kwenye fomu ameandikwa "bibi" tu.

#35 Karani wa Zamani
Chini ya 62, anahesabika. Waombe fomu ya kusasisha ombi, watie alama ya ulemavu, na wachukue barua ya daktari au ya Social Security. Wakati wa kukabidhi, nakala igongwe muhuri wa tarehe.